Bi Rudia wa Maabara ya Damu, Aliyesimamisha Upasuaji wa Alhamisi

Tarehe 30 Juni, saa tisa na nusu alasiri, Bi Rudia atavua koti jeupe kwa mara ya mwisho katika maabara ya damu ya hospitali yetu. Atakuwa ametumika miaka thelathini na minne, miezi mitatu na siku kumi na moja. Ofisi ya utumishi ilipomwandikia barua ya kustaafu ikataja "takriban miaka thelathini na minne", aliirudisha barua hiyo kwa mkono wake, neno "takriban" akiwa amelizungushia duara la penseli. Barua ilichapwa upya.

Jina lake kamili limo kwenye faili na limeandikwa vizuri. Sisi tunamwita Bi Rudia, naye huitika bila kinyongo, kwa sababu hakuna aliyepita mikononi mwake bila kuambiwa neno hilo. Umehesabu seli na hesabu imekataa? Rudia. Umehesabu na imekubali upesi mno? Rudia pia. Wapo wanaosema hata mumewe, dereva mstaafu wa lori, huambiwa arudie kuosha vyombo. Mumewe amethibitisha habari hizi kwa maandishi.

Alianza kazi akiwa na miaka ishirini na sita, mapokezi, dirisha la kupokelea sampuli. Kazi yake ilikuwa kubandika namba kwenye vichupa na kuwatuliza watu wenye haraka. Baada ya miaka miwili akaenda kusoma, akarudi na cheti, akapewa kiti cha tatu kutoka mlangoni, chini ya dirisha, mbele ya hadubini yenye mguu mmoja uliowekewa kipande cha mpira ili isiyumbe. Wakati huo hatukuwa na mashine ya kuhesabu damu. Mtu alipaka tone kwenye slaidi, akalikausha, akalitia rangi, akaangalia kwa jicho moja huku kidole kikibofya kihesabio. Rangi ile ya zambarau haitoki kirahisi. Katika picha za harusi yake, Bi Rudia ameficha mikono yote miwili nyuma ya maua, na ukimwuliza atakwambia wazi: kucha zilikuwa za zambarau, na mpiga picha alikuwa ameshalipwa.

Mwanafunzi yeyote aliyeletwa kwake alikutana na swali moja kabla ya kufungua kitabu. "Nani hapa ana kidonda?" Siku zote alikuwepo mmoja, aliyejikata kwa kisu au aliyechubuka goti. Bi Rudia alimsimamisha mbele ya wenzake, akaanza somo lake la kinga ya mwili papo hapo.

Kwanza ngozi, alisema, mlango mkuu, na hapa umeachwa wazi. Vijidudu vimeingia. Ndani ya saa chache nyutrofili, seli nyeupe za mstari wa mbele, zinatoka kwenye damu, zinajipenyeza mpaka kwenye jeraha, zinameza kila kijidudu zinachokikuta, kisha zinakufa hapohapo. Usaha mnaoukunjia pua ni maiti zao, basi uwe na adabu unapoufuta. Nyuma yao zinakuja seli nyingine zinazosafisha uwanja na kubeba vipande vya adui hadi kwenye tezi, ndiyo maana shingo au kwapa huvimba. Humo kwenye tezi zimo limfosaiti, seli ndogo zenye kiini kikubwa, mamilioni kwa mamilioni, kila moja ikimjua adui wa aina moja tu. Ile inayomtambua huyu aliyeingia inazaliana kwa kasi, na nyingine zinatengeneza kingamwili za kumnata adui huyo na si mwingine. Kazi hiyo huchukua siku kadhaa. Vita vikiisha nyingi zinakufa, ila chache zinabaki miaka na miaka zikimkumbuka. Ndiyo sababu mtu haugui surua mara mbili, na ndiyo kazi ya chanjo: kuzipa limfosaiti sura ya adui kabla adui mwenyewe hajabisha hodi.

Kisha alimgeukia mwenye kidonda na kumwambia, "Haya, kaoshe kwa sabuni. Usizipe kazi ya bure."

Mambo haya yote aliyafahamu vizuri kuliko wengi wetu. Lakini sifa ya kuyafahamu peke yake isingenitoa jasho la kuandika kurasa hizi. Naandika kwa sababu ya wiki moja ya mwezi Mei, miaka kumi na minane iliyopita, ambayo nilikuwemo, na sehemu yangu ndani yake si ya kujivunia.

Mwaka ule tulikuwa tumepata mashine mpya ya kuhesabu damu. Mimi ndiye niliyepelekwa kuisomea, nikarudi kifua mbele, na kwa muda wa mwaka mzima jina langu hapa kazini lilikuwa Mashine. Nilikuwa nikimtania Bi Rudia kwamba kiti chake cha tatu tutakigeuza kuwa meza ya chai. Alicheka, akaendelea kutengeneza slaidi kwa kila sampuli ambayo mashine iliitilia alama ya shaka. Aliziandika tarehe kwa penseli na kuzipanga kwenye sanduku la mbao. Niliona ni mazoea ya kizamani.

Katika wodi ya watoto kulikuwa na mgonjwa aliyekuwa akija na kuondoka, msichana wa miaka sita. Wauguzi walimwita Chiriku kwa sababu akiwa mzima hafungi mdomo: ataeleza ndoto yake, ataeleza ya dada yake, ataeleza na ya paka wa jirani. Akiwa mgonjwa, alinyamaza kabisa. Vidonda mdomoni, fizi nyekundu, koo limevimba, homa inapanda. Siku tano sita, kisha anapona na kuanza tena kupiga soga. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa amezoea safari ya hospitali hivi kwamba aliweka mfuko wa nguo tayari nyuma ya mlango.

Daktari wa watoto, mtu mzuri na mwenye kazi nyingi, aliamua ni mafindofindo. Mtoto anaumwa koo kila mara, koo linavimba kila mara, basi yatolewe. Upasuaji ukapangwa Alhamisi, tarehe 7 Mei. Kipimo cha damu cha tarehe 27 Aprili kilikuwa kizuri, na mtoto alikuwa mzima, akicheza.

Jumatatu ya wiki hiyo Bi Rudia alikuwa akichagua slaidi za kufundishia wanafunzi wapya. Alitaka moja yenye nyutrofili chache. Akaitoa moja kwenye sanduku, akaikuta ya pili, akaikuta ya tatu. Zote tatu zilikuwa na namba moja ya mgonjwa. Tarehe zilizoandikwa kwa penseli zilikuwa 4 Machi, 25 Machi, 15 Aprili. Alikwenda kwenye kalenda ya ukutani, akahesabu kwa kidole. Ishirini na moja. Ishirini na moja. Akaendelea kuhesabu hadi kidole kikasimama kwenye Jumatano, tarehe 6 Mei.

Akaniita. "Mwanangu, njoo uone kitu. Hii ya tarehe ishirini na tano nani aliisoma?"

Nilitazama daftari la majibu. Ile sampuli nilikuwa nimeikataa mimi. Mashine ilitoa nyutrofili karibu na sifuri, nikaona haiwezekani, nikaandika "damu imeganda, leta nyingine", na jibu nikalichana. Nyingine ikaja siku tano baadaye, ikawa nzuri, nikafurahi kwamba nilikuwa sahihi. Mwezi wa Machi, mwanzoni, Bi Rudia mwenyewe ndiye aliyeripoti kwamba nyutrofili zimepungua, na daktari wa zamu akadhani ni virusi. Mwezi Aprili jibu lilisomwa na mwenzetu mwingine, likaenda kwa daktari mwingine tena. Kila mmoja aliona kipande chake.

Nilimwambia ukweli. Nilitegemea kufokewa, na ningestahili.

"Mashine haikudanganya," alisema taratibu. "Wewe ndiye uliyeiambia inadanganya. Haya, tusipoteze muda. Keshokutwa huyu mtoto hatakuwa na walinzi, na siku inayofuata wanataka kumkata koo."

Jumanne asubuhi alimngoja daktari mlangoni mwa wodi. Mimi nilisimama nyuma yake nikiwa nimebeba sanduku la slaidi.

"Mama, kipimo cha wiki iliyopita ni kizuri kabisa," daktari alisema huku akitembea. "Mtoto anaumwa koo kila mwezi. Tukiyatoa hayo mafindofindo, yamekwisha."

"Si kila mwezi, daktari. Kila siku ishirini na moja."

"Sasa hapo kuna tofauti gani?"

"Siku tisa," Bi Rudia alimjibu. "Uboho wake unasimama kutengeneza nyutrofili, halafu unaanza tena. Mimi nimeona mara tatu. Kesho itakuwa ya nne."

Daktari alisimama. Hakuwa amekasirika, ila alikuwa amechoka, na nyuma yake kulikuwa na wazazi kumi na watano wakisubiri. "Nipe namba, mama. Usinipe kalenda."

"Nipe damu yake ya kesho asubuhi, nikupe namba."

Akakubali, nadhani ili tumpishe njia.

Jumatano saa mbili na nusu asubuhi mama yake Chiriku alimleta mtoto. Chiriku alikuwa mzima wa afya, akitusimulia jinsi mwalimu wao alivyokalia chaki. Mama ndiye aliyekuwa hoi. Alipoona sindano, machozi yakamlengalenga.

"Kwani kesho si mnamtoa hayo mafindofindo? Ya leo ya nini tena? Mmeshamtoboa mtoto mpaka amekuwa kama kile kimto changu cha pini."

Bi Rudia hakumhimiza. Alivuta kiti akaketi karibu naye. "Mama mwenzangu, sina uhakika. Nina shaka tu. Nikikosea, kesho atapasuliwa kama ilivyopangwa, na mimi nitakuja kukuomba radhi mbele ya daktari. Nikipatia, hii ndiyo sindano itakayomwokoa."

Mama akashika mkono wa mwanawe na kuunyoosha mwenyewe.

Niliweka kichupa kwenye mashine. Jibu lilitoka katika dakika moja: nyutrofili themanini, mahali panapotakiwa angalau elfu moja na mia tano. Nakiri hapa, mbele ya wafanyakazi wote, kwamba wazo la kwanza kunijia lilikuwa lilelile la Machi. Damu imeganda. Bi Rudia hakuniangalia hata usoni.

"Rudia."

Nilirudia. Themanini na tano. Yeye alikuwa ameshapaka tone kwenye slaidi na kulitia rangi. Akahesabu seli nyeupe mia moja. Kwa mtoto wa umri ule, karibu nusu zingekuwa nyutrofili. Alipata mbili. Akanipisha kwenye kiti, nikahesabu mia nyingine kwa jicho langu mwenyewe. Nilipata moja. Sijawahi kuona uwanja mtupu kama ule. Limfosaiti zilikuwepo, za kutosha tu, lakini wale wa kwanza kufika kwenye jeraha hawakuwepo, na kesho yake koo la mtoto lingefunguliwa kwa kisu.

Alitoka mbio. Miaka yote niliyofanya naye kazi, ndiyo mara pekee niliyomwona akikimbia, karatasi ya majibu mkononi, viatu vikipiga sakafu ya korido hadi watu wakageuka. Daktari alisoma namba, akaisoma tena. Akafuta jina la Chiriku kwenye ubao wa upasuaji kwa kiganja, bila kutafuta dasta. Akaagiza alazwe katika chumba cha peke yake, asiingie mtu bila kunawa, na dawa za kuua bakteria ziwekwe karibu kabisa na kitanda.

Saa kumi na moja jioni Chiriku alinyamaza. Homa ikapanda. Lakini safari hii hatukuwa nyuma yake. Dawa ziliingia kwenye mshipa kabla nusu saa haijaisha.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa ngumu. Alhamisi homa haikushuka. Ijumaa mtoto alikataa hata maji, na mama yake alikaa kando ya kitanda amemshika kidole gumba cha mguu, kwa kuwa mahali pengine pote palikuwa na mirija. Kila asubuhi tulipima. Sitini. Mia na arobaini. Jumamosi Bi Rudia, ambaye hakuwa zamu, alikuja na koti lake begani, akamchukua yule mama hadi maabara na kumketisha kwenye kiti cha tatu. Kwanza alimwekea slaidi ya damu yake mwenyewe, ya Bi Rudia.

"Unaona hizi zenye kiini kilichokatika vipandevipande? Hizo ndizo zinazokosekana kwa mwanao. Si kosa lako, wala si uchafu, wala si chakula ulichompa. Kiwanda chake kinafunga siku chache kila baada ya wiki tatu. Sasa tazama hii yake ya leo."

Mama aliangalia kwa muda mrefu. Jicho la fundi cherehani limezoea vitu vidogo. "Iko moja hapa," akasema. "Na hii nyingine pembeni. Zinakuja?"

"Zinakuja."

Jumapili zilikuwa mia tisa. Jumatatu zilivuka elfu mbili. Homa ilikwisha, vidonda vikaanza kufunga, na muuguzi wa asubuhi akapita korido nzima akilalamika kwa furaha kwamba Chiriku amemweleza habari ya mwalimu na chaki mara mbili kabla ya uji.

Kazi haikuishia hapo. Kwa wiki sita tulimpima mara mbili kila wiki. Mama yake hakulalamika tena. Alichukua karatasi ile kubwa anayokatia nguo, akachora mistari kwa rula yake ndefu, akatia nukta kila tulipompa namba. Nukta zilishuka, zikapanda, zikashuka tena siku ya ishirini na moja. Daktari aliikunja karatasi hiyo, akaitia kwenye faili, na faili likaenda na mtoto hadi hospitali kubwa ya rufaa. Huko wakatamka jina la ugonjwa, adimu mno, na wakamwanzishia sindano za kuusukuma uboho utengeneze nyutrofili bila kulala. Mafindofindo yake anayo mpaka leo.

Daktari alishuka maabara siku faili liliporudi. Alisimama mbele ya kiti cha tatu, akasema, "Mama, nilikuomba namba. Ukanipa mtoto." Bi Rudia alimjibu kwamba aondoe kiwiko chake kwenye slaidi mbichi.

Chiriku sasa ana miaka ishirini na minne. Ni fundi umeme, na waliofika kwenye jengo jipya la maabara wamewasha taa zilizofungwa na mikono yake. Alifanya kazi hiyo wiki tano akiwa juu ya ngazi, akisimulia tangu asubuhi hadi jioni, na hakuugua hata siku moja. Bi Rudia alikuwa akipita chini yake na kumwuliza kama amekula. Wafanyakazi wageni walidhani ni mtu na shangazi yake, nao hawakuwasahihisha.

Kutokana na wiki ile hospitali ilipata kanuni mbili ambazo leo tunaziona za kawaida. Hakuna jibu linalochanwa. Likitiliwa shaka linaandikwa na sababu yake. Na mgonjwa anayerudi mara tatu, majibu yake yote yanapangwa mezani pamoja kabla ya kuandikwa la nne. Bi Rudia alizipigania kanuni hizo kwenye vikao saba. Tangu zianze, watoto wengine wawili wamegunduliwa kuwa na kasoro za kinga ya mwili ambazo zamani zingepita kama homa za kawaida: mmoja hakuwa akitengeneza kingamwili za kutosha, mwingine nyutrofili zake zilimeza vijidudu lakini zikashindwa kuviua. Wote wawili wako shuleni.

Amefundisha wanafunzi mia mbili na kumi na sita. Idadi hiyo ni yake, kwa hiyo msiihakiki. Amekuwa mkuu wa maabara kwa miaka tisa, na katika miaka hiyo yote hakukubali kuhamia ofisini. Alikaa palepale chini ya dirisha, mihuri ikiwa kwenye mfuko wa koti. Surua ilipoingia mjini, alisimama siku nne kwenye ukumbi wa chanjo akiwajibu wazazi waliokuwa na wasiwasi, mmoja mmoja, mpaka sauti ikakauka, na siku ya tano akajibu kwa kuandika.

Na mimi? Niliacha kuitwa Mashine. Mwezi ujao nakabidhiwa maabara hii, na sijui kama niko tayari. Nilimwambia hivyo wiki iliyopita tukiwa tunaosha mikono. Alikausha vidole vyake kimoja kimoja, akasema, "Mtu anayejua alipowahi kukosea, nalala usingizi nikimwachia damu za watu." Naona afadhali nimjibu hapa: asante, Bi Rudia.

Kuanzia Julai anajifunza kuogelea. Amejiandikisha yeye na mumewe, kwa maelezo kwamba miaka thelathini na minne ameangalia matone na sasa anataka maji mengi. Kwa mwalimu wa kuogelea, popote alipo, tunatoa pole za mapema.

Wauguzi, madaktari, madereva, wapishi, walinzi wa getini na sisi wa maabara tunakushukuru, mama yetu. Unatoka ukiwa umeshinda, na watoto waliokua kwa sababu yako ni wengi kuliko tunaowajua. Tunakuombea siku ndefu, kicheko tele, miguu isiyouma na bwawa lisilo na baridi. Nenda kapumzike kwa raha zako. Kazi tumeipokea, na tukikwama, simu yako tutaipiga bila haya.